Hukumu ya Kambini na Jina la Mhalifu

Askari akirudi Mwika kabla ya muda wake, watu hawamwulizi alitenda nini. Husema tu, "Alifungwa jeshini," na tangu siku hiyo mwenye kutafuta mlinzi wa duka humpita, na mwenyekiti wa kijiji husitasita kumwandikia barua ya utambulisho. Desturi hii haina haki, na twasema hivyo bila ya kudharau nidhamu ya jeshi.

Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 imeweka makosa ambayo raia hawezi kuyatenda hata akitaka: kutoroka kambini, kulala lindoni, kukaidi amri ya mkubwa. Mkulima akilala mchana kutwa kihambani, hasara ni ya migomba yake. Askari akilala lindoni, hasara yaweza kuwa roho za wenzake. Adhabu yake basi ni halali kabisa. Lakini aliyeadhibiwa kwa kulala si mwizi wala si mwuaji, na jirani hana sababu ya kuongeza komeo mlangoni kwa ajili yake.

Wapo watakaotukumbusha maasi ya Januari 1964, nao hawakosei. Askari wa kambi ya Colito waliwakamata maofisa wao na nchi ikatikisika. Mahakama ya kijeshi ilipokaa mwaka huo huo, adhabu kubwa kuliko zote ikawa kifungo cha miaka 15. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba aliziona adhabu hizo nyepesi, ila aliziacha zisimame, kwa kuwa alitaka sheria itawale. Uasi ni kosa la kijeshi, na ni zito kupita wizi wa kuku! Hivyo hatusemi kwamba makosa ya jeshini ni madogo. Twataka kila kosa litajwe kwa jina lake.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imekwisha tuonyesha njia. Ibara ya 67, inapowazuia baadhi ya waliofungwa wasigombee ubunge, hutazama kama kosa lilihusu utovu wa uaminifu. Kwa kipimo hicho, aliyeiba mafuta ya magari ya jeshi ni mwizi kama mwizi mwingine, na asijifiche nyuma ya gwanda. Aliyechelewa kurudi kutoka likizo hayumo katika kundi hilo.

Kanada, ambayo maofisa wake walikuja kulifundisha jeshi letu kati ya 1965 na 1970, ilirekebisha sheria yake mwaka 2013, ili makosa kadhaa ya kinidhamu yaliyoadhibiwa kwa karipio au faini ndogo yasimwachie askari kumbukumbu ya uhalifu. Kwetu vijijini kumbukumbu hiyo haingoji faili la polisi, kwani sokoni inatosha. Kwa hiyo ndugu mwenyekiti, kabla ya kukataa kutia muhuri, amwombe kijana karatasi zake za jeshi na asome ameandikiwa kosa gani.