Sanaa ya Mwanga na Sauti Haikuzaliwa Paris

Wapo wasomi wetu wasiotambua kitu mpaka Ulaya ikitie muhuri. Siku hizi wanasifu maonyesho ambayo mtazamaji hasimami mbele ya picha, bali huingia ndani yake: mwanga humfunika toka ukutani hadi sakafuni, sauti humzunguka, naye hutembea humo kama sehemu ya kazi yenyewe. Jijini Paris, mwaka 2018, kiwanda cha zamani cha kusubu chuma kiligeuzwa ukumbi wa namna hiyo, na michoro ya Gustav Klimt ikamulikwa kutani kwa mitambo. Tokyo nayo ilifungua wake mwaka huo huo.

Ni kazi nzuri, hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na yule anayerejea kutoka huko akitutangazia kwamba binadamu amevumbua jambo jipya.

Wazaramo walilijua siku nyingi. Mdundiko hauna viti wala jukwaa. Ngoma hutembea, watu hutembea nayo, kichochoro hadi kichochoro. Anayetoka mlangoni kuchungulia hujikuta tayari yumo. Wazazi wa Temeke wanaifahamu adha ya mtoto aliyefuata mdundiko akaja kuokotwa mtaa asioujua. Ni jumba gani la sanaa huko Ulaya lililopata kumteka mtazamaji kiasi hicho?

Kisha vijana wa uswahilini wakachukua kinanda kidogo cha Casio, ngoma na vipaza sauti vikuukuu, wakazua mchiriku. Jagwa Music ya Mwananyamala ilialikwa katika majukwaa ya Ulaya. Ikafuata singeli, ambayo mapigo yake huweza kupita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa katika santuri na kampuni ya Uganda. Naam, Kampala ilisikia kabla ya ofisi zetu.

Nyumbani jina lake ni uhuni. Tusidanganyane: vigodoro vina aibu zake. Yuko mgonjwa asiyelala, yuko mwanafunzi anayesinzia darasani, na walimu ni mashahidi. Ziko pia dansi zisizostahili macho ya watoto. Lakini kwa nini sanaa hii ichezwe mlangoni pa mgonjwa? Kwa sababu haina pengine pa kwenda. Viwanja vingi vya wazi vya jiji hili vimevamiwa na kujengwa. Mgambo huja kunyang'anya spika ya kijana. Aliyekula kiwanja hajiwi na mtu.

Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 katika maghala ya Mikocheni, imeonyesha kwamba hata jengo la kawaida laweza kulea wasanii. Hata hivyo Mikocheni si Mbagala, na nauli ya usiku si jambo dogo kwa kibarua.

Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, nchi ikiwa maskini kuliko leo. Kwa hiyo kisingizio cha fedha hatukikubali. Manispaa za Kinondoni na Temeke zirejeshe walau kiwanja kimoja kila moja, mbali na hospitali na shule, zivute umeme, zijenge vyoo. Maofisa utamaduni waandike saa ya kuanza na saa ya kufunga, kisha waende wenyewe, usiku, kuhakikisha zinafuatwa.