Kukausha boti: stima ikirudi, mashine itawaka?

Jamani, kama unaiacha boti yako ndogo gatini Uingereza majira yote ya baridi, usivutwe na bei ya mashine ya kompresa. Kwenye nyuzi 5 koili zake hushika barafu, kisha kazi inakuwa kuyeyusha barafu. Mimi nachagua ya zeolaiti. Inakula stima zaidi, ndiyo, lakini inafyonza unyevu hata karibu na nyuzi 0, na hewa inayotoka ni vuguvugu. Maji yaende kwenye sinki kwa mpira.

Swali langu la kwanza lakini (ugonjwa wa watu wa programu!) ni hili: stima ikipotea na kurudi, inakumbuka ilikuwa inafanya nini? Baadhi ya zile za vitufe hubaki zimezima, na godoro linaota koga wewe ukiwa nyumbani. Dukani, chomoa plagi, irudishe, uone.