Tuliwalilia wa Picha, wa Mtaani Tukawasahau

Mtajie mtu aliyekuwa kijana mjini Nakuru mwishoni mwa miaka ya sitini jina la Dilip Kumar, kisha umtazame uso. Kwanza atatabasamu. Halafu ataanza kukusimulia picha ya Ram Aur Shyam ya mwaka 1967 kana kwamba aliitazama jana usiku: jinsi Ram, mpole na mwoga, alivyokuwa akichapwa kiboko na shemeji yake kwa ajili ya mali; na jinsi pacha wake Shyam, aliyekulia mbali bila ya kujua kuwa ana ndugu, alivyoingia katika nyumba ile na kumgeuzia shemeji kiboko kile kile. Mzee huyo hajui Kihindi wala hakuwahi kukijua. Lakini picha aliielewa, na hajaisahau, ijapokuwa imepita miaka hamsini na zaidi.

Huenda sisi watu wa Pwani tukadhani kwamba mapenzi ya picha za Kihindi ni jambo la Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja peke yake. Sivyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na njia hiyo hiyo ikawapandisha bara mafundi wa Kipunjabi, wenye maduka wa Kigujarati, na Waswahili waliokwenda kutafuta riziki wakatua Bondeni. Kaskazini, huko Eldama Ravine, walikuwako Wanubi. Watu wote hawa, pamoja na wenyeji na wakulima waliokuja mjini mwisho wa juma, walikutana katika kumbi za senema za mji ule, kama vile Odeon na Eros. Picha ya Kihindi ilikuwa ni shughuli ya mtaa mzima. Aliyeitazama Jumamosi alikuwa na deni la kuwasimulia wenziwe Jumatatu, na stelingi akishinda, makofi yalipigwa kana kwamba yeye mwenyewe anayasikia.

Watu walielewaje? Jibu moja ni lugha yenyewe. Picha zile, ijapokuwa ziliitwa za Kihindi, zilijaa maneno ya Kiurdu, na Kiurdu kimechota katika kisima cha Kiarabu ambacho Kiswahili nacho kimechota. Msikilizaji wa Bondeni alilisikia neno dunia, akalijua. Alisikia wakati, safari, habari, insani, imani, haki, nasibu, takdiri na mauti, kila moja likitamkwa kwa lahaja ya ugenini lakini si geni. Mtu mwenye maneno kumi kama hayo, naye anaona mama analia na mtoto anachukuliwa, ahitaji mkalimani wa nini?

Jibu la pili ni watu wenyewe. Dilip Kumar aliyefariki mwaka 2021 alikuwa Muhammad Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar. Meena Kumari, ambaye machozi yake yaliwaliza wanawake wa mabara mawili, alikuwa Mahjabeen Bano. Katika Ram Aur Shyam muziki ulitungwa na Naushad, maneno yakaandikwa na Shakeel Badayuni, na miongoni mwa walioimba alikuwamo Muhammad Rafi. Tena ziko picha kama Bahu Begum ya mwaka 1967 na Mere Huzoor ya mwaka 1968, zilizoonyesha maisha ya Waislamu wa Lucknow, kwa heshima zao, stara zao, na misiba yao ya ndoa na talaka. Mama wa Kiswahili aliyeyaona hayo alijiona yuko kwao.

Hatusemi kwamba wazee wote waliziridhia picha hizi. Wako masheikh waliozikemea, na wako wazazi waliomfungia mlango kijana aliyechelewa kurudi. Walikuwa na hoja. Ngoma na mapenzi ya hadharani hayakuafikiana na malezi yetu, na pesa ya tikiti aghalabu ilikuwa ni pesa ya mboga. Lakini hata mzee mkali alijua kwamba katika picha zile mtoto asiyemheshimu mama hafaulu, tajiri dhalimu huanguka, na maskini mwenye subira hulipwa. Hayo alikuwa akiyasema yeye mwenyewe kila siku barazani.

Chukua mfano wa Upkar, ya mwaka 1967. Manoj Kumar aliiongoza mwenyewe na kuicheza, kwa kuitikia wito wa Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri wa kumtukuza askari na mkulima. Ni hadithi ya ndugu wawili. Mmoja anabaki shambani na kujinyima ili mdogo wake akasome ng'ambo. Mdogo anarudi na elimu, na cha kwanza anachokitaka ni fungu lake la ardhi. Sasa fikiri mtu wa Njoro, Molo au Gilgil anaitazama hadithi hiyo katika miaka ile, wakati mashamba ya walowezi wa Kizungu yalikuwa yakinunuliwa na kukatwa vipande, vyama na makampuni ya kununua ardhi yakikusanya fedha za wanachama, na ndugu wa tumbo moja wakishikana mashati kwa ajili ya ekari. Je, hiyo ilikuwa ni hadithi ya Wahindi, au yake yeye?

Basi mpaka hapa tunajisifu, na tuna haki ya kujisifu. Ukumbi mmoja uliwaweka pamoja Mhindi, Mswahili, Mkikuyu, Mkalenjin na Mjaluo, wakacheka pamoja na kulia pamoja. Lakini liko jambo ambalo hatulisemi tunapozikumbuka picha hizi. Taa zilipowashwa, kila mtu alikwenda zake. Na miaka ile ile tuliyozipenda picha hizi kuliko wakati wowote ndiyo miaka ambayo wenzetu walianza kuondoka, nasi hatukuuliza wanakwenda wapi.

Tukumbushane. Kenya ilipopata uhuru, wasiokuwa raia moja kwa moja walipewa miaka 2, mpaka Desemba 12, 1965, waombe uraia. Wengi wa Kihindi waliomba. Wengi zaidi walisita na kushika pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara. Asiye raia akalazimika kuwa na kibali cha kazi, na akazuiwa kufanya biashara nje ya sehemu zilizotengwa za miji, na kuuza baadhi ya bidhaa, bila ya ruhusa maalumu. Hapo ndipo watu walipoanza kukimbilia Uingereza kwa maelfu. Nayo Uingereza, kwa kuwaogopa raia wake wenyewe, ikapitisha kwa siku 3 tu sheria ya kuwazuia, ikaanza kutumika Machi 1, 1968. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilikuta Waasia zaidi ya 176,000 nchini. Ile ya mwaka 1969 ilikuta kiasi cha 139,000. Upungufu huo si tarakimu tu. Ni duka lililofungwa, fundi wa saa aliyeondoka, mwalimu ambaye siku moja hakuonekana darasani.

Tuwe waadilifu. Mwafrika alikuwa na dai la haki. Biashara ya miji kama Nakuru ilikuwa mikononi mwa wachache, mkopo ulikuwa mgumu kwake, na wako wenye maduka waliomtazama kama mtumishi tu. Wahindi wengi walijitenga wenyewe, katika mitaa, katika shule na katika ndoa. Serikali changa ilikuwa na wajibu wa kumfungulia mwananchi mlango, na anayesema kwamba hapakuwa na dhuluma ya kuondoa hajui historia ya nchi hii. Hayo hatuyakatai.

Lakini dai la haki halimzuii mtu kumuaga jirani. Mwaka 1969 ilitoka picha ya Aradhana. Ndani yake Sharmila Tagore ni mama anayelazimika kumtoa mwanawe alelewe na wengine, naye akakubali kuwa yaya wa mtoto wake mwenyewe ili asitengane naye. Rajesh Khanna akawa stelingi wa kila kijana, na sauti ya Kishore Kumar ikaingia kila redio. Watu walimlilia mama yule mpaka kanga zikalowa. Nje ya ukumbi, mtaa huo huo, iko familia iliyokuwa ikiuza vyombo vyake ili ipate nauli, nasi tulikwenda kuvinunua kwa bei ya kutupa na kurudi nyumbani tukijipongeza. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baadhi yao walisafirishwa kwa treni kupitia nchi yetu mpaka bandari ya Mombasa. Reli hiyo hupita Nakuru. Watu wa picha zetu walipita mbele ya macho yetu, safari hii bila ya muziki.

Sisi wa Pwani tusijione kuwa bora. Ni kweli kwamba Mombasa tuliishi karibu zaidi na Bohora, Mmemoni, Khoja na Mbadala, na baadhi yao tulisimama nao safu moja msikitini. Ni kweli pia kwamba tulizifanya nyimbo za picha kuwa zetu. Marehemu Juma Bhalo alizichukua tuni za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, mengine ya jamaa yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita, na arusi zetu zikapata uhai. Huo haukuwa wizi, kama wanavyodai wengine. Ni kawaida ya watu wa bandari kupokea, kugeuza na kupendezesha. Walakin, ni wangapi kati yetu tuliozicheza nyimbo hizo tuliowahi kuketi na Mhindi wa duka la jirani tukamwuliza maneno yake ya asili yana maana gani? Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia sana juu ya haki ya jirani, wala hakusema jirani wa kabila gani.

Mwezi Julai 2017 Serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa ni kabila la 44 la nchi hii. Ilikuwa ni miaka 50 kamili tangu zile sheria mbili za mwaka 1967. Hatua hiyo ni njema, na waliobaki walistahili zamani. Lakini tangazo la Serikali haliwezi kufanya kazi ya majirani. Udugu hauandikwi katika gazeti rasmi.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Kumbi za zamani zilianza kukosa watu video ilipoingia miaka ya 1980, na nyingi nchini zimegeuzwa maduka na makanisa. Jengo likigeuzwa hairudi ile harufu ya njugu wala ile kelele ya mbele karibu na kitambaa. Kilichobaki ni watu. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Ram Aur Shyam sasa anakaribia 80. Nakuru imepewa hadhi ya jiji tangu Desemba 1, 2021, na jiji lisilojua lilivyojengwa ni mkusanyiko wa nyumba tu. Yafaa vijana wa Bondeni, na wa Mji wa Kale kwetu, wachukue simu zao hizo wanazozichezea, wawaendee wazee wa Kiswahili na wa Kihindi pia, wawarekodi: nani aliuza tikiti, nani alipaka mabango, nani alikaa juu na nani alikaa chini, nani aliondoka na lini, na nani alimsindikiza. Wawaulize hata la aibu, maana historia isiyo na aibu ndani yake ni hadithi ya stelingi tu.

Na wewe msomaji, ukiusikia tena wimbo wa Rafi usiku redioni, ufurahi, ni haki yako. Kisha jiulize duka lile la pembeni ya mtaa wenu lilikuwa la nani, na familia ile ilikwenda wapi. Ikiwa hujui, muulize mama yako asubuhi. Labda yeye anajua, na hajawahi kuulizwa.