Tumbo Linapojaa na Njia I Wazi

Juma hili twataka kusema habari za ugonjwa ambao wachache waujua kwa jina, lakini jamaa yoyote yaweza kukutana nao kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mama amejifungua kwa kupasuliwa, au mzee amevunjika nyonga. Baada ya siku chache tumbo lavimba kama ngoma, wala hewa haitoki. Wote hudhani utumbo umezibwa. Kumbe huenda hakuna kizuizi chochote: mishipa ya fahamu imeacha kuusukuma utumbo mpana, nao umelala na kujaa hewa. Ogilvie, mpasuaji Mwingereza, aliandika habari zake mwaka 1948.

Mganga hutaka kwanza picha ya tumbo, apate kujua hakika kwamba njia i wazi. Kisha humzuilia mgonjwa chakula, humtia maji na chumvi kwa mshipa, hasa potasiamu ikiwa imepungua, huondoa dawa za maumivu za namna ya morfini, hupitisha mpira puani, tena humgeuza kitandani au kumtembeza akiweza. Wengi hupona hivyo kwa siku mbili tatu. Pasipo nafuu, iko sindano ya neostigmini, iamshayo utumbo. Katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 1999, wagonjwa 10 kati ya 11 waliodungwa walipata nafuu upesi; kati ya 10 wasiopewa dawa hiyo, hakupata hata mmoja. Lakini yaweza kupunguza mno mapigo ya moyo. Kwa hiyo hutolewa hospitali tu, na atropini ikiwa tayari.

Basi, jamaa wafanye nini? Wanaovuka Lualaba toka Alunguli kuja Kindu na kapu la chakula huleta upendo. Lakini wasimlishe mgonjwa kwa siri. Wasimpe dawa ya kuharisha, wala wasimtie maji ya majani kwa njia ya nyuma. Utumbo uliotanuka kupita sentimita 12 u karibu kupasuka, na ukipasuka, uchafu humwagika tumboni. Homa ikipanda au maumivu yakizidi, mwiteni mganga saa ile ile, hata usiku wa manane. Hapo kisu hakingojei.

Mganga akisema, "Tungoje," msidhani amewatupa. Apimaye tumbo asubuhi na jioni yu kazini. Nanyi kaeni na mgonjwa wenu, mwombeeni, na kama mmekwisha kumpa dawa ya nyumbani, semeni bila kuona haya, mganga asije akatibu gizani.