WARUSI SI WARUMI WA QUR'ANI

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, tangu majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, tumekuwa tukiyasikia katika baraza za misikiti yetu hapa Dodoma maneno yanayotusikitisha. Swala ya Ijumaa ikimalizika watu hukaa kivulini, simu hupita mkono kwa mkono, na habari za mji uliopigwa makombora hupokewa kwa takbira. Hoja ni moja: Mrusi anamtia adabu Mmarekani. Yule aliyeivamia Iraq mwaka 2003, na ambaye mabomu yake yamewaua watoto wa Gaza mikononi mwa Israeli, amepata kiboko chake. Basi kiboko hicho ni chetu.

Hasira hiyo twaijua, kwani nasi tunayo. Hatuandiki kuyatetea madola ya Magharibi, na atakayetusoma hivyo ametudhulumu. Tunaloulizia ni hiyo takbira: inapigwa kwa ajili ya nani?

Wapo waliovuka mpaka wakadai kuwa Qur'ani imekwisha kuwataja Warusi. Huusoma mwanzo wa Surat Ar-Rum, wakasema ushindi ulioahidiwa pale ndio huu wa Moscow. Subhanallah! Rum wa aya zile ni dola iliyokuwa na makao yake Konstantinopoli, walioshindwa na Wafursi zama za Mtume (s.a.w.) akiwa Makka, kisha wakashinda baada ya miaka michache kama Allah alivyoahidi. Abu Bakr (r.a.) aliwekeana sharti na mushrikina juu ya ahadi hiyo, na ikatimia. Warusi kwa Kiarabu ni Rus, kwa herufi sin, wala si mim. Ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa wa Baghdad mwaka 921 kwenda nchi ya mto Volga, aliwakuta Rus huko na kuwaandika kuwa ni watu waabuduo masanamu. Hawakumchanganya akili hata kidogo. Sisi, miaka elfu moja na ushei baadaye, herufi moja imetupoteza.

Kisha kuna ile picha. Juni 2023, siku msahafu ulipochomwa Sweden, Putin alionekana msikitini Derbent, Dagestan, ameukumbatia msahafu. Picha ile ilifika Dodoma kabla ya adhana ya Isha. Hatukatai kwamba alichokisema siku ile kilikuwa bora kuliko kimya cha wengi. Lakini nani alitutumia habari ya mwaka 2013, pale mahakama ya Novorossiysk, Urusi hiyo hiyo, ilipoamuru tafsiri ya Qur'ani kwa Kirusi iliyofanywa na Elmir Kuliev iharibiwe? Hukumu ile ilitenguliwa mwezi Disemba, alhamdulillah, baada ya Waislamu wa huko kupaza sauti.

Mahujaji wetu wanapozuru Baqii, Madina, hupita karibu na alipozikwa Imam Shamil wa Dagestan, nao hawana habari naye. Mtu huyu aliwaongoza Waislamu wa milima ya Kaukasia dhidi ya majeshi ya mfalme wa Urusi kwa takriban miaka 25, hadi alipozingirwa na kukamatwa Gunib mwaka 1859. Wajukuu wa watu wake nao hawakusalimika. Februari 1944 Stalin aliwapakia Wachechen na Waingush karibu nusu milioni katika mabehewa, akawatupa Asia ya Kati wakati wa baridi kali. Mei ya mwaka huo wakafuata Watatari wa Krimea. Afghanistan ilivamiwa Disemba 1979. Grozny ilifanywa kifusi mara mbili katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa 2000. Na mwaka 2016 ndege za Urusi ziliipiga Aleppo, ambayo misikiti yake ni mikongwe kuliko Moscow yenyewe.

Tuje nyumbani. Wengi wa wanaoshangilia huswali katika Msikiti wa Gaddafi hapa mjini, uliofunguliwa mwaka 2010, nao husema lau Mrusi angekuwa na nguvu, Libya isingevunjwa. Alikuwa nazo. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipopiga kura juu ya azimio namba 1973, Urusi ilikuwa na kura ya turufu mkononi. Haikuitumia, ilijizuia tu, azimio likapita, na ndege za NATO zikaruka. Putin, wakati huo Waziri Mkuu, aliyalaumu mashambulizi baada ya mlango kuwa wazi. (Na Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilipiga kura ya ndiyo, aibu ambayo ni yetu wenyewe.)

Wazee wa Kongwa watatujibu kuwa Mrusi alitusaidia. Kweli. Tangu 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliweka kambi pale, na silaha za Kisovieti ziliwafikia. Deni hilo tunalikiri. Lakini Usovieti haukuwa Urusi peke yake: wapiganaji wengi wa ANC waliofika Kongwa walikuwa wamefundishwa Odessa, mji wa Ukraine, ambao makombora ya Urusi yameupiga tangu 2022. Kwa hiyo anayelipa deni kwa kushangilia makombora hayo, anamlipa nani?

Allah katika Surat Al-Maidah, aya ya 8, ametukataza kuiacha haki kwa sababu ya chuki juu ya watu. Amri hiyo imeteremshwa kwa ajili ya siku ya hasira.

Kuna kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma. Alihukumiwa kifungo huko, akaahidiwa malipo na kuachiwa huru iwapo atapigana na kundi la Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Serikali ilithibitisha Januari 2023, na mwili ukaletwa nyumbani. Tunawaomba maimamu wa Dodoma, Kondoa na Manyoni wausimulie mkasa huu kabla ya watoto wetu kuanza kujaza fomu za masomo.

Wabillahi tawfiq.