Tusiuze Kiswahili pamoja na vyuma vikuukuu

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alitaka kuchunguza jinsi istilahi za tarakilishi zilivyobadilika katika Kiswahili kutoka toleo moja la Windows hadi jingine. Mada ilikuwa nzuri, nami nikaiidhinisha bila kusita. Tulipokwenda maabarani kutafuta Windows XP yenye sura ya Kiswahili, tuliarifiwa kuwa mashine zote zilizokuwa nayo ziliuzwa kama vyuma vikuukuu. Mwanafunzi alilazimika kubadilisha mada, na muhula mzima ukapotea.

Huenda msomaji akauliza: mfumo ambao watengenezaji wake waliacha kuuhudumia Aprili 2014 una faida gani leo? Jibu langu ni kwamba maneno yaliyomo katika orodha zake za amri na katika maonyo yake ni matini ya Kiswahili kama matini nyingine yoyote. Ni ushahidi wa namna lugha yetu ilivyojitahidi kuyataja mambo mageni. Mwanahistoria hachomi gazeti la jana kwa sababu la leo limetoka. Mbona sisi tufanye hivyo?

Kisingizio ninachokisikia mara kwa mara ni kwamba vyuo havina nafasi ya kutunza kila toleo. Kisingizio hicho hakina mashiko. Tangu siku za Virtual PC 2004 ya Microsoft, mfumo mzima umeweza kuendeshwa ndani ya faili moja, yaani diski pepe, katika mashine iliyo na mfumo mwingine kabisa. Hata nafasi inayotumika inaweza kupunguzwa kwa kile ninachokiita diski ya tofauti.

Utaratibu wenyewe ni huu. XP huwekwa mara moja tu katika diski mzazi, kisha diski hiyo hufungwa isiandikwe tena. Halafu hutengenezwa diski mtoto, ambayo mwanzoni huwa karibu tupu. Mashine ikitaka kusoma jambo, hutazama kwanza kwa mtoto. Ikilikosa, humwendea mzazi. Ikitaka kuandika, huandika kwa mtoto pekee. Hivyo basi, mtoto wa kwanza anaweza kubaki na XP ya Kiingereza, wa pili akavishwa sura ya Kiswahili, na wa tatu akaongezewa Service Pack 3. Wote watatu humtegemea mzazi mmoja.

Sisi wa isimu hatuna haja ya kustaajabu. Anayeeleza tofauti za Kimvita na Kiswahili sanifu hanakili kamusi nzima. Huandika tu kwamba Mombasa husemwa mato badala ya macho, na nti badala ya nchi. Mengine msomaji huyapata katika kamusi aliyo nayo. Naam, Kimvita si mtoto wa Kiswahili sanifu, lakini njia ya kuhifadhi ni ile ile.

Tufanye hesabu. XP huhitaji takribani gigabaiti 1.5. Nakala kamili za wanafunzi 30 zingekula gigabaiti 45. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, toleo lake la biti 64 lilihitaji angalau gigabaiti 20; nakala 30 zingefika 600. Kwa diski za tofauti, mzigo huo mkubwa hubebwa mara moja, na kila mwanafunzi huongeza yale aliyoyabadilisha tu.

Yapo masharti. Mzazi akiguswa hata kidogo, watoto wote huharibika. Kwa hiyo lazima awe na nakala ya akiba. Windows 7 ni mfumo mwingine, nayo ipewe mzazi wake. Kila mfumo uwe na leseni halali. Aidha, XP isiunganishwe na intaneti, kwani haipati tena kinga dhidi ya wavamizi. Hakuna hata moja kati ya masharti haya linalomshinda fundi wa maabara, na programu ya VirtualBox, inayoweza kuifanya kazi hii, hupatikana bila malipo.

Kinachonitia hofu ni kwamba kosa lile lile linabisha hodi tena. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zake sasa zinatazamwa kama takataka. Nazo zina Kiswahili chake. Nawasihi wakuu wa maabara, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, watengeneze diski mzazi moja ya kila toleo na kuikabidhi maktaba, ambako vitabu vya kale hutunzwa bila mtu kuuliza vina faida gani. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwanafunzi wangu ameshalipa gharama ya kupuuza onyo hilo, asilipe mwingine.