Sumaku Mkobani

Tulipokwenda kuitazama Volkswagen ya mwaka 1967, rangi mpya na magurudumu mapana aliyoyafunga mmiliki wa awali vilitupumbaza. Mama watoto ndiye aliyetoa sumaku mkobani. Juu ya mlango ilinasa. Chini yake ikaanguka: fila tupu, iliyofunika kutu. Injini, ambayo kwa gari hili hukaa nyuma na kupozwa kwa hewa, ilikwisha kubadilishwa, na namba yake haikulingana na kadi. Muuzaji, tumshukuru kwa hilo, hakubisha, alipunguza bei. Hatukutoa hata shilingi mpaka kadi iliporekebishwa.

Sasa sakafu imekatwa na kuchomelewa bati jipya. Ada ya shule haijaguswa, rangi itangoja.